Kupinda Bomba la Chuma kwa Ajili ya Ngazi za Wazee Wetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya kazi ya kupinda mabomba ya chuma, kazi ambayo vijana wetu kadhaa wanaifanya uani kwao hapa kisiwani, na ambayo imeletwa mbele ya mkutano huu kwa sababu Chama kinaombwa kutoa fedha kwa ajili yake. Twajua kwamba baadhi ya wazee, walipoliona jambo hili katika orodha ya mazungumzo, waliuliza: Chama cha kusaidiana na kuzikana kina habari gani na mabomba? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza kabla ya kuingia katika ufundi wenyewe.

Mtu yeyote aliyekulia Kibokoni, Kuze au pande za Ndia Kuu azijua ngazi za nyumba zetu. Ni nyembamba, zimesimama kama za kupandia darini, zina giza hata mchana, na vidato vyake vimelika katikati kwa nyayo za vizazi vingi. Kijana huzipanda mbio. Mtu wa miaka sabini huzipanda kwa kupapasa ukuta, na ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa hauna pa kushika. Katika mwaka huu tunaoufunga, wanachama watatu wameanguka ngazini majumbani mwao. Mmoja alivunjika nyonga. Alilazwa wiki nyingi, na hata sasa hashuki chini ila kwa kubebwa na wanawe, naye alikuwa mtu asiyekosa baraza ya jioni hata siku moja. Gharama ya matibabu yake imo katika hesabu zilizosomwa asubuhi, hatuna haja ya kuirudia. Mshikio wa chuma ukutani ungaligharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Basi huenda mtu akasema, kama ni mshikio tu, mafundi wa kulehemu wamejaa Mwembe Tayari na Majengo; na atolewe mmoja alipwe, mambo yaishe. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa na jamaa mmoja wa wanachama wetu. Fundi alikata bomba vipande vitatu kwa msumeno, akavilehemu konani, akaacha ncha mbili wazi. Mshikio ulisimama imara, hatuwezi kusema uongo. Lakini penye kila kona palikuwa na vinundu vya weko vilivyochubua kiganja, na ncha ile ya chini, iliyokuwa wazi, ilinasa buibui la mama wa nyumba akishuka na sinia mikononi. Aliponea kwa kukaa kitako kidatoni. Tena miezi michache haikupita ila kutu ilianza kujitokeza, nayo ilianzia pale pale penye maweko, maana rangi haikai sawasawa juu ya vinundu, na hewa yetu ya chumvi haisubiri mtu.

Mshikio uliopindwa ni kitu kingine. Ni kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono huteleza juu yake bila ya kuinuka, na ncha zake huinama kuelekea chini na kurudi ukutani kama mpini wa bakora, hapana nguo inayonasa. Na liko jambo jingine ambalo hatukulifikiri mpaka tulipoambiwa na mzee mmoja ambaye macho yake yamepungua nuru: mkono ukifika penye tao, mguu hujua kwamba vidato vimekwisha. Kwake yeye tao lile ndilo taa.

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ngeni. Vitanda vya besera walivyolalia bibi zetu vilikuwa na vyuma vilivyopindwa juu kushika chandarua. Usukani wa baiskeli ni bomba lililopindwa, na chuma cha nyuma cha kubebea mizigo vile vile. Inasimuliwa kwamba Marcel Breuer, aliyefundisha katika chuo cha Bauhaus huko Ujerumani, aliutazama usukani wa baiskeli yake ndipo akapata fikira ya kutengeneza kiti cha mabomba, na kiti hicho alikitoa mnamo mwaka 1925. Hapa kwetu, ng'ambo ya daraja la Nyali, karakana za Bombolulu zimekuwako tangu mwaka 1969, na ndani yake watu wenye ulemavu hujipatia riziki kwa kazi ya mikono yao. Tena kiti cha magurudumu chenyewe, ukikitazama vizuri, karibu chote ni bomba lililopindwa: mgongo, sehemu ya mikono, na ile pete ambayo mwenye kiti huisukuma. Wako pia katika mkutano huu wazee waliosoma ufundi katika chuo cha MIOME kabla hakijageuzwa kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na ambacho leo ni Technical University of Mombasa. Kwao tuyasemayo sasa hayatakuwa mapya, nao watusahihishe penye kosa.

Shida ya kupinda bomba ni kwamba ndani yake ni tupu. Kila mmoja wetu utotoni aliwahi kuchuma bua la jani la mpapai. Ukilikunja kwa ghafula halifanyi tao. Huvunjika shingo, likawa bapa. Bomba la chuma lina tabia iyo hiyo. Linapopindwa, upande wa nje huvutwa na kuwa mwembamba, upande wa ndani husongamana na kufanya makunyanzi, na kwa kuwa katikati hapana kitu cha kuzuia, pande mbili hukaribiana na bomba likafa. Ufundi wote, uwe wa uani au wa kiwanda kikubwa, ni kutafuta njia ya kuzuia mambo hayo matatu.

Njia ya kwanza ni kutokuwa na pupa ya tao dogo. Kanuni wanayoifuata vijana wetu ni kwamba nusu kipenyo cha tao, kikipimwa katikati ya bomba, kisipungue mara nne ya unene wa bomba lenyewe. Bomba la maji liitwalo la inchi moja, kwa nje lina unene wa milimita 34 hivi, maana jina lake si kipimo cha nje, na jambo hilo limewapoteza wengi. Unene huo waenea vizuri katika kiganja cha mtu mzima. Mara nne yake ni sentimita 13 na nusu. Vijana hutumia 15 ili wawe na nafasi. Kwa kipimo hicho robo ya duara hula bomba la urefu wa sentimita 23 na nusu, kwa kuwa nusu kipenyo huzidishwa kwa 1.57. Mwenye kujua hesabu hiyo hakati bomba fupi, wala hatupi mabaki. Alama za mwanzo na mwisho wa tao hazitiwi kwa chaki, kwani chaki hupotea motoni. Hutiwa kwa nukta ndogo za msumari mgumu.

Njia ya pili ni kulijaza bomba mchanga, ndipo lipate moto. Hapa twaomba wazee watusikilize kwa makini, maana ndipo penye hatari, na ndipo penye sababu ya Kamati kutaka masharti.

Mchanga wa pwani haufai. Umejaa vipande vya makombora na matumbawe, ambavyo kwa moto mkali hufanya yale yale yafanywayo na tanuu la chokaa. Tena una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata baada ya kukaushwa. Ufaao ni mchanga wa mto, mwembamba, uliochekechwa, kisha ukakaangwa juu ya bati mpaka usiwe na hata dalili ya mvuke. Bomba huzibwa upande mmoja kwa kizibo cha mti, likasimamishwa wima, likatiwa mchanga kidogo kidogo huku likigongwagongwa kwa nyundo ya mti kutoka chini hadi juu. Mwanzo hulia kama ngoma. Likijaa sawasawa mlio hufifia na mchanga haushuki tena. Ndipo huzibwa upande wa juu, na kizibo hicho hapana budi kiwe kimetobolewa tundu dogo.

Kwa nini tundu? Kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Kijiko kimoja cha maji kilichosahauliwa katika mchanga, ndani ya bomba lililozibwa kotekote na kutiwa motoni, ni baruti. Mwaka huu, katika ua mmoja wa Majengo, vijana wawili walijaza mchanga mbichi wakapigilia vizibo vya chuma pande zote mbili. Kizibo kimoja kiliruka kikatoboa bati la paa la jirani. Mchanga wa moto ulimwunguza mmoja wao mkono tangu kiwiko hadi vidole. Alikuwa amesimama ubavuni. Lau angesimama mbele ya bomba leo tungekuwa twasoma jina lake mahali pengine katika taarifa hii. Vijana hao si wapumbavu. Walikuwa wamemwona mtu akipinda bomba kwa mchanga, wakauona mchanga, wasiambiwe habari ya ukavu wake.

Hatari ya pili haina kishindo, nayo kwa sababu hiyo twaiogopa zaidi. Bomba la maji linalouzwa madukani aghalabu ni lile jeupe lililopakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe, na mwenye kuuvuta hurudi nyumbani mzima, kisha usiku hushikwa na baridi, homa, maumivu ya viungo na ladha ya chuma kinywani. Siku ya pili homa humtoka. Hapa Mombasa mtu wa hali hiyo husema ana malaria, akanunua dawa ya malaria, akarudi motoni wiki ijayo. Mafundi wengi wa kulehemu huamini kwamba gilasi ya maziwa huzuia sumu hiyo. Maziwa ni chakula chema, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Njia zao si moja. Bomba litakalotiwa motoni liwe jeusi, lisilo na zinki, basi. Likisha kupindwa na kupoa ndipo lipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na juu yake rangi ya kawaida.

Kazi yenyewe ya moto ni ya kupendeza kuitazama. Makaa hutandazwa kwa urefu wa tao zima, si penye nukta moja, ili chuma kiive sawasawa. Makaa ya vifuu yana joto kali na hayana gharama kwetu. Kazi hufanywa kivulini, kwa maana juani wekundu wa chuma hauonekani, na fundi hudhani hakijaiva hali kimekwisha kuiva kupita kiasi. Mshono wa bomba, ule mstari ulioungwa kiwandani, huwekwa ubavuni mwa tao, usiwe nje unakovutwa wala ndani unakosongwa. Likiwa jekundu kama tunda la kunazi lililoiva, ncha moja hutiwa katika jiriwa pamoja na kalibu, na ncha nyingine huvutwa polepole kwa mkono mmoja usiotetemeka. Hapana kukurupuka. Mwenzake husimama na birika la maji, na mahali palipokwisha kupata tao lake hupatia maji kidogo ili pakaze, na moto uendelee kutii penginepo.

Juu ya kalibu tuna neno la furaha. Fundi mmoja kijana wa Mji wa Kale alikwenda Bandari ya Kale akapata roda kuukuu za jahazi, zile za chuma zenye mfuo mzunguko mzima. Mfuo ulikuwa mpana kidogo tu kuliko bomba lake dogo, naye aligundua kwamba roda hulishika bomba ubavuni hata lisiweze kutanuka na kuwa bapa. Kwa mabomba membamba ya viti, roda hiyo yamtosha bila ya moto. Kwa bomba la mshikio alichonga kalibu ya mti mgumu yenye mfuo kama ule, akaikazia bati pembeni lisiungue upesi.

Iko pia njia ya baridi, na kwa matao mapana sisi twaiona bora. Bomba hupitishwa kati ya vigingi viwili vya chuma vilivyokazwa juu ya meza nzito. Hupindwa kidogo sana, likasogezwa upana wa vidole viwili, likapindwa tena, mpaka vipindo vingi vidogo vikawa tao moja. Ni kazi ya subira, na jicho ndilo hakimu. Fundi huchora tao chini sakafuni kwa chaki na kulilaza bomba juu yake kila mara. Afahamu pia kwamba chuma baridi kina ukaidi: ukikiachia hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo hukunjwa kupita kipimo ili kirudi penye kipimo. Tulizoea kuambiwa samaki mkunje angali mbichi, na mtu angedhani chuma nacho kikikunjwa mara nyingi kitalainika. Sivyo. Kila kikunjwapo baridi huzidi ugumu, na anayekikunja, kukinyosha na kukikunja tena mahali pamoja mwisho hukipasua. Kwa pete ya kiti cha magurudumu, ambayo ni duara kamili, hufaa mashine ndogo ya magurudumu matatu: mawili chini, moja juu lenye parafujo, na mkono wa kuzungushia. Bomba hupitishwa kwenda na kurudi, na kila safari parafujo hukazwa kidogo.

Sasa tuje kwenye ombi. Vijana wameomba Chama kiwanunulie mashine ya kupindia inayosukumwa kwa jeki ya mafuta. Kamati imegawanyika, nasi twatoa rai yetu kama tulivyoombwa. Mashine hiyo ni nzuri, lakini kila unene wa bomba wataka kalibu yake, na ukitumia kalibu isiyo yake huliponda bomba mbele ya macho yako. Isitoshe, ikiwekwa katika ua wa mtu mmoja itakuwa yake, na hilo tumeliona katika vyombo vingine tulivyonunua zamani, hatutaji. Twapendekeza badala yake jiriwa mbili nzito, mashine moja ya magurudumu matatu, kalibu za mti na za chuma, miwani na glavu za ngozi, ndoo za mchanga na maji, na akiba ya bomba jeusi linunuliwe kwa jumla. Vitu hivyo vikae katika chumba cha nyuma cha ofisi ya Chama, vitolewe kwa daftari. Na kijana yeyote asitie bomba motoni kwa kazi ya Chama kabla ya kusimamiwa mara tatu na mmoja wa wazee wenye ufundi. Wazee wanne wamekwisha kukubali, bila ya malipo, nasi twawashukuru.

Mzee mmoja alitupinga katika Kamati kwa hoja ambayo yatupasa kuitaja. Alisema kwamba kuta zetu ni kongwe, na chuma kilichokazwa vibaya ni hatari kuliko kukosa chuma, maana mtu hukitegemea. Maneno yake ni kweli tupu. Lipu ya chokaa haishiki kitu; mafundi hawana budi kuchimba hadi wafikie jiwe lenyewe, wasimike kitako cha chuma, na kila mshikio uning'iniwe na watu wawili wazima kabla ya mwenye nyumba kuruhusiwa kuugusa. Mshikio uwe kimo cha sentimita 90 kutoka ukingo wa kidato, na kati yake na ukuta pawe na nafasi ya vidole vinne, vifundo vya mkono visichubuke. Kwa kitu chochote kitakachoonekana nje ya nyumba, ruhusa iombwe kwanza kwa wanaosimamia hifadhi ya Mji wa Kale. Chama kitaandika barua hizo.

Wanaotaka kupimiwa ngazi na watupe majina yao leo kabla ya kuondoka, wakitaja mtaa na idadi ya vidato. Nyumba ya kwanza itakuwa ile ya Kibokoni ya mwenzetu aliyevunjika nyonga. Vijana watakwenda kupima Jumamosi baada ya alasiri. Ngazi yake ina vidato kumi na saba na nusu yake iko gizani, kwa hiyo twaomba mwenye taa kubwa ya mkono atuazime.